Kesi huvuka mpaka, amri ya ulinzi hubaki nyuma

Barabara inayotoka Kitale hupita Endebess, hufika mpakani Suam, kisha huingia Bukwo upande wa Uganda na kupanda hadi Kapchorwa. Wanaoijua zaidi ni watu wa mahindi, viazi na mifugo. Ndiyo pia iliyokuwa barabara ya maisha ya Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa marathoni: Mganda mwenye asili ya Bukwo, aliyefanyia mazoezi Kenya na kujenga nyumba Trans Nzoia kwa fedha za miguu yake.

Agosti 11, 2024 alikimbia mjini Paris katika Michezo ya Olimpiki na kumaliza wa 44. Wiki tatu baadaye, Jumapili ya Septemba 1, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess. Alifariki Septemba 5 katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 33. Mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, ambaye polisi walimtaja kuwa mshukiwa, alikufa siku chache baadaye kwa majeraha ya moto huohuo, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kusimama kizimbani. Polisi walisema wawili hao walikuwa wakizozania ardhi. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba familia ilikwisha kupeleka malalamiko polisi kabla ya siku ile. Septemba 14 alirudishwa Bukwo kwa barabara ileile na kuzikwa kwa heshima za kijeshi, kwa kuwa alikuwa askari wa jeshi la Uganda.

Mengi yalisemwa wakati huo kuhusu wanariadha na wanaume wanaowavamia kwa sababu ya mali. Kuna swali moja ambalo halikuulizwa sana, nalo linawahusu moja kwa moja wasomaji wa gazeti hili wanaovuka Suam, Busia, Malaba, Namanga, Mutukula na Rusumo kila wiki. Tuseme angepata amri ya ulinzi kutoka mahakama ya Kitale, kisha akavuka kwenda kwa wazazi wake Bukwo na yule anayemwogopa akamfuata. Je, polisi wa Bukwo wangekuwa na la kufanya na karatasi ile?

Jibu la kisheria ni fupi. Karatasi ile ingekuwa ushahidi kwamba kuna tatizo. Isingekuwa amri.

Kesi si amri, amri si kesi

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, hata walioko vituo vya polisi.

Kesi ya jinai ni ya serikali. Ukipigwa, ukaripoti na mtu akashtakiwa kwa shambulio au kujeruhi, anayeshtaki si wewe tena. Wewe ni mlalamikaji na shahidi, na jalada liko mikononi mwa mwendesha mashtaka. Ndiyo maana mke au mume anayekwenda kituoni baada ya wiki mbili kusema "nimesamehe, futeni" huambiwa haiwezekani hivihivi. Nchini Kenya, Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma apate ruhusa ya mahakama kabla ya kuiondoa kesi iliyokwisha kufunguliwa. Ni kweli kwamba sheria za mwenendo wa jinai za Kenya na Tanzania zinairuhusu mahakama kuhimiza maridhiano katika makosa madogo kama shambulio la kawaida, na wazee wa familia wanaujua mlango huo vizuri sana. Lakini ni mlango wa makosa madogo. Panga likiingia, au mfupa ukivunjika, si mambo ya kumalizwa kwa mbuzi na soda.

Amri ya ulinzi ni kitu kingine. Hiyo unaiomba wewe mwenyewe, kwa hati ya kiapo, mbele ya hakimu. Husubiri mtu ahukumiwe. Hakimu hatafuti uthibitisho usioacha shaka kama wa jinai. Anapima kama maelezo yako yana uzito kuliko kinyume chake, na pale hatari ilipo karibu anaweza kutoa amri ya muda siku hiyohiyo kabla hata ya kumsikia mwenzako. Inaweza kumkataza asikaribie nyumba, duka au kibanda, asipige simu, asitume watu. Na anayelalamikiwa ana haki yake: lazima akabidhiwe amri hiyo, aitwe, asikilizwe, na anaweza kuomba ibadilishwe au ifutwe. Kupewa amri dhidi yako si kuhukumiwa, wala hakukufanyi mhalifu. Kosa la jinai linaanza pale unapoivunja.

Hilo la mwisho ndilo linaloipa karatasi hii uzito. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, anayevunja amri anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, kufungwa hadi miezi 12, au vyote viwili. Bila amri, polisi anayepigiwa simu usiku huuliza, "Amekupiga? Alama iko wapi?" Ukiwa na amri, swali linakuwa jingine kabisa: amefika mahali alipokatazwa au hakufika?

Kila upande na sheria yake

Uganda ilitangulia. Sheria yake ya Ukatili wa Nyumbani ni ya 2010, na kanuni zake zikafuata 2011. Imekifanya kitendo chenyewe cha ukatili wa nyumbani kuwa kosa, kwa adhabu ya hadi miaka miwili jela au faini isiyozidi shilingi 960,000 za Uganda, na inasema wazi kwamba ridhaa ya aliyetendewa si utetezi. Jambo la pekee katika sheria hiyo ni kwamba imeishusha haki hadi kijijini. Unaweza kulalamika kwenye mahakama ya baraza la mtaa, ile inayojulikana na wote kama LC, mahali unapoishi wewe au anapoishi aliyekutendea. LC inaweza kutoa onyo, kuamuru kuomba radhi, ushauri nasaha, kazi za jamii, fidia au faini ndogo, na mambo yakiwa mazito inatakiwa iyapeleke polisi na kwa hakimu. Ubora wake ni kwamba iko karibu na haina mlolongo. Ubaya wake kila mfanyabiashara wa Busia anaujua: mwenyekiti mara nyingi ni rafiki wa mumeo, au ni mdeni wako. Amri ya ulinzi yenyewe hutolewa na hakimu.

Sheria ya Kenya ni pana zaidi kwa maneno. Ukatili ndani yake ni pamoja na kupigwa, kutishwa, kufuatwafuatwa, kuingia kwa nguvu nyumbani kwa mtu, kuharibu mali, kulazimishwa kurithiwa, hata kuingiliwa na wakwe. Haihitaji cheti cha ndoa. Inawagusa waliooana, walioachana, wachumba, wanaoishi nyumba moja, wazazi wa mtoto mmoja, na ndugu. Haisemi "mwanamke", inasema mtu, na wanaume wanaopigwa au kunyang'anywa na wenzi wao wana haki ileile ya kuiomba amri, ingawa wengi wao huona aibu kuliko maumivu. Wala haiulizi uraia. Mganda anayeishi Bungoma au Mtanzania anayeishi Kajiado ana mlango uleule wa mahakama. Kibali cha makazi kilichokwisha muda ni suala la uhamiaji. Hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kukupiga, na hakimwondolei polisi wajibu wa kuandika taarifa yako.

Tanzania Bara ni hadithi nyingine, na hapa ndipo wafanyabiashara wa Namanga, Holili na Sirari huchanganyikiwa. Hakuna sheria moja mahususi ya ukatili wa nyumbani. Kuna vipande. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Maneno mazuri, ya zamani, ambayo hayakuambatanishwa na adhabu. Adhabu ziko kwenye Kanuni ya Adhabu, chini ya shambulio, kudhuru mwili na kujeruhi vibaya. Sheria ya Ndoa pia inaipa mahakama uwezo wa kumkataza mtu asimsumbue mwenzake, lakini pale ambapo shauri la ndoa liko mahakamani au limekwisha kutolewa uamuzi. Kwa maneno mengine, anayetaka zuio la namna hiyo analazimika kwanza kuingia kwenye shauri la ndoa, hata kama bado hajaamua kuachana. Kuna njia ya kumfikisha mtu mbele ya hakimu aweke dhamana ya kutunza amani kwa muda maalumu, ambayo ni muhimu lakini haitumiki sana na wanandoa.

Kinachofanya kazi zaidi upande wa Tanzania ni dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Ukifika pale utapewa fomu namba 3, PF3, ya kwenda hospitali, na namba ya RB. Kwa wanaoishi pamoja bila ndoa rasmi, kama ilivyo kwa wengi wenye nyumba ya pili mpakani, Sheria ya Ndoa inaweza kuwachukulia kuwa wameoana iwapo wameishi kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Wengi hawaijui hadi siku ya kugawana mali.

Rwanda ina sheria yake tangu 2008 na vituo vya Isange ambako daktari, polisi na mshauri nasaha hupatikana mahali pamoja. Burundi ilipitisha yake Septemba 2016. Zote mbili, kama hizo nyingine, zinaishia kwenye mipaka ya nchi.

Mtaji nao hupigwa

Kwa mfanyabiashara, kipigo cha kwanza mara nyingi si cha mwili. Ni kuchukuliwa simu yenye fedha za wateja. Ni kufungiwa stoo asubuhi ya soko. Ni kitambulisho kufichwa siku ya safari, au mzigo wa mitumba kuuzwa na mwenzi kwa bei ya kutupa huku wewe ukiwa Kampala. Tumezoea kuyaita mambo haya ugomvi wa nyumbani.

Sheria za Kenya na Uganda zinayaita ukatili wa kiuchumi. Ile ya Kenya inataja waziwazi kumnyima mtu rasilimali anazostahili au anazozihitaji, ikiwemo kodi ya nyumba, ada na matibabu, na kumzuia kufanya kazi au shughuli ya kumpatia kipato. Ile ya Uganda inataja kuuza vitu vya nyumbani na mali ambayo mlalamikaji ana haki nayo, na kumzuia asiendelee kuitumia. Maana yake ni kwamba mama anayezuiwa kwenda sokoni ana hoja mbele ya hakimu hata kama hana alama mwilini. Nimeona malalamiko ya namna hii yakirudishwa kituoni kwa sababu tu aliyeyaleta aliyaeleza kama deni: "Amekula hela yangu." Deni ni la madai, na polisi atakuambia hivyo. Eleza kama lilivyo: amenichukulia mtaji na kunizuia kufanya kazi, tunaishi pamoja, na amesema nikienda sokoni ataniua.

Ardhi ni kisa kirefu zaidi. Katiba ya Kenya, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Uganda nayo inampa mgeni ukodishaji wa muda. Tanzania humpa ardhi asiye raia kwa ajili ya uwekezaji. Matokeo yake mpakani yanajulikana: fedha zinatoka kwa mmoja, jina kwenye hati linakuwa la mwenzake aliye raia, kwa sababu "wewe ni mwenyeji, andika wewe". Mapenzi yakiisha, mwenye fedha ni mgeni kwenye ua wake mwenyewe. Sisemi ndivyo ilivyokuwa Endebess. Hati ile sijaiona. Nasema mpangilio huo upo kila mahali kwenye mipaka yetu na ni kuni kavu. Mkataba wa maandishi kati ya wapenzi unaoonyesha nani alilipa nini, uliosainiwa mbele ya wakili, unaonekana kama kukosa imani. Ni nafuu kuliko kesi.

Kinachovuka na kisichovuka

Tukija kwenye kizuizi chenyewe, hali ni ya ajabu kidogo. Mkoloni alituachia sheria chache za kuvushana mpaka, na zinafanya kazi hadi leo.

Hati ya kukamatwa inavuka. Sheria za kusalimisha wahalifu za Kenya, Uganda na Tanzania zina utaratibu wa majirani: hati iliyotolewa na mahakama ya upande mmoja inapelekwa kwa hakimu wa upande wa pili, akiidhinisha kwa saini yake inaweza kutekelezwa huko, na mtuhumiwa hufikishwa mahakamani kabla ya kurudishwa. Si haraka, na inahitaji polisi wanaotaka kufanya kazi hiyo, lakini njia ipo.

Hukumu ya fedha nayo inavuka. Kenya inazitambua kwa usajili hukumu kutoka Uganda, Tanzania na Rwanda miongoni mwa nchi nyingine, na hilo wenye kesi za hundi na mizigo wanalijua. Hata amri ya matunzo, ya kumlisha mke na watoto, ina sheria yake ya zamani ya kutekelezwa nje ya nchi iliyoitoa, iliyomo katika vitabu vya Kenya na Uganda.

Amri ya ulinzi haimo. Si hukumu ya fedha, si hati ya kukamatwa, si matunzo. Zilipoandikwa sheria zile za zamani kitu hicho hakikuwepo, na zilipoandikwa mpya, 2010 na 2015, kila bunge liliandika kama vile watu wake hawatoki nje ya nchi. Kwa hiyo yule aliyekatazwa kukusogelea Busia ya Kenya anaweza kukungoja Busia ya Uganda, hatua chache kutoka kwenye geti, na hajavunja amri yoyote ambayo askari wa pale analazimika kuitekeleza. Atakuwa na kosa akikutishia au kukupiga, ndiyo. Lakini amri ya ulinzi ilibuniwa hasa ili usingoje hadi hapo.

Kuna pengo jingine upande wa dhamana. Mtu akishtakiwa kwa kumjeruhi mwenzi wake, hakimu anaweza kumpa dhamana kwa sharti la kutokutana na mlalamikaji na kusalimisha pasipoti. Lakini tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Kuchukua pasipoti peke yake ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Na hatari ya kukimbia si ya kufikirika. Agnes Tirop, bingwa wa mbio ndefu wa Kenya, alipouawa Iten Oktoba 2021, mumewe alikamatwa Mombasa, na polisi walisema alikuwa akijaribu kutoka nchini. Damaris Mutua, mzaliwa wa Kenya aliyeikimbilia Bahrain, alikutwa amekufa Iten Aprili 2022. Polisi walisema waliyemshuku, raia wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kuondoka Kenya.

Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha haitaziba pengo hili kwa mtu mmoja mmoja. Pale hushtakiwa nchi wanachama na taasisi za Jumuiya kwa kuvunja Mkataba, tena ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee. Mume au mke hapelekwi huko.

Ukiwa barabarani

Hadi sheria ibadilike, anayeishi kwa kuvuka ana mambo ya kufanya ambayo hayahitaji mwanasheria mkubwa.

La kwanza, omba amri pande zote mbili ikiwa unalala au unauza pande zote mbili. Ni usumbufu, lakini maombi ya pili huwa mepesi, kwa sababu unaweza kuambatanisha nakala ya amri ya kwanza iliyothibitishwa na mahakama. Hakimu wa upande wa pili hafungwi nayo, ila ataisoma. Upande wa Tanzania, ipeleke nakala hiyo dawati la jinsia ufungue taarifa yako pale. Ukiomba, taja maeneo kwa majina: soko fulani, stendi fulani, stoo, shule ya mtoto, kituo cha forodha. Amri inayosema "asimkaribie mlalamikaji" tu huleta ubishi wa mita ngapi.

Hakikisha amri imemfikia mlalamikiwa, na kwamba kuna ushahidi wa hilo, yaani hati ya kiapo ya aliyemkabidhi. Asiyepewa karatasi anaweza kusema hakujua, na kesi ya kuvunja amri hufia hapo. Ikiwa amehamia upande wa pili, mwambie karani mapema. Kumkabidhi mtu nyaraka nje ya nchi kunahitaji ruhusa ya mahakama, na hapo ndipo mashauri mengi hukwama kwa miezi.

Kila tukio lipate namba. Kenya ni OB, Tanzania ni RB, Uganda utapewa namba ya rejista ya kituo. Usikubali kuambiwa "tumeshaelewa mama, nenda nyumbani tutampigia". Nchini Kenya, sheria ya 2015 inamtaka polisi akueleze nafuu zote ulizo nazo, na unaweza kuomba kuandikisha maelezo kwa ofisa wa jinsia yako. Nenda hospitali kabla ya kuoga, ukiwa na fomu: P3 Kenya, PF3 Uganda na Tanzania. Daktari ajaze siku ileile; jeraha hupona, na kesi hupona nalo.

Usifute ujumbe wa vitisho kwenye simu, na usiitoe simu hiyo kwa fundi. Picha ya skrini peke yake inaweza kupingwa, kwa kuwa ushahidi wa kielektroniki una masharti yake ya uthibitisho mahakamani. Kwa ukatili wa kiuchumi, taarifa ya miamala ya M-Pesa, MTN au Airtel iliyotolewa na kampuni ni shahidi asiyebadilisha maneno. Pamoja nayo weka vyeti vya mizigo na risiti za forodha zenye jina lako.

Kesi ikifika kwenye dhamana, mwombe mwendesha mashtaka aombe kitambulisho pia kisalimishwe au mshtakiwa aripoti kituoni kila wiki, na masharti hayo yapelekwe uhamiaji. Hakimu anayekaa mbali na mpaka huenda asilifikirie.

Kwa wewe uliyepewa amri dhidi yako: usiende kumwona "tuyamalize". Hata akikuita mwenyewe kwa simu, amri ni ya mahakama, na inayoweza kuiondoa ni mahakama. Kama stoo ni ya pamoja na mzigo wako umo ndani, omba hakimu apange siku na mtu wa kukusindikiza kuuchukua. Ombi la namna hiyo ni la kawaida.

Cheti cha dola 2,000

Jumuiya imekwisha kuonyesha kwamba karatasi inaweza kuvushwa ikitakiwa. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachojazwa palepale mpakani. Vituo vya pamoja vya Busia na Namanga vilizinduliwa na marais 2018, na maofisa wa nchi mbili hukaa chumba kimoja. Sheria ya Jumuiya ya vituo hivyo ya 2016 inawapa uwezo wa kufanya kazi ng'ambo ya mstari, lakini kwa ukaguzi wa watu, mizigo na magari. Ofisa aliyepo dirishani hana sheria inayomwambia afanye nini akionyeshwa amri ya ulinzi ya nchi jirani.

Wengine wameshalivuka hili. Umoja wa Ulaya una kanuni ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2015, ambayo kwayo mwenye amri hupewa cheti cha fomu moja na kuvuka nacho bila kesi mpya. Marekani, ambako kila jimbo lina sheria zake, iliandika mwaka 1994 kwamba amri ya jimbo moja iheshimiwe na mengine yote. Kwetu, Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 126, tayari unazitaka nchi wanachama kuoanisha sheria zinazoihusu Jumuiya. Kinachokosekana ni mtu wa kuliweka jambo hili mezani. Polisi wa Kenya walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa nchini humo kati ya Agosti na Oktoba 2024, na Januari 2025 serikali ikaunda kikosi kazi kilichoongozwa na aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, kuchunguza mauaji na ukatili huo. Kikosi cha nchi moja hakiwezi kuandika sheria ya mpaka. Mawaziri wa sheria wa Jumuiya wanaweza.

Ugumu wa kweli ni Tanzania, ambako hakuna amri ya namna hiyo ya kutambuliwa wala ya kutambua, na hauwezi kuzungukwa kwa itifaki nzuri. Lakini Kenya na Uganda hazina haja ya kumngoja mtu. Sheria zao zinafanana kiasi cha kutosha, na makubaliano ya nchi mbili ya kusajiliana amri, kama wanavyoidhinishiana hati za kukamatwa, yangeanza na mahakama za Busia, Malaba na Kitale. Leo mwenye amri ya Busia Kenya anayevuka kuuza ng'ambo hupanda bodaboda hadi mahakama ya upande wa pili na kuanza upya: hati mpya ya kiapo, tarehe mpya, na kumtafuta tena mtu yuleyule anayemkimbia ili akabidhiwe karatasi.